Viungo vilegevu na maumivu ya taya kwa mtoto: mwongozo kwa mama na mlezi

Mtoto wako anaweza kukunja kidole gumba mpaka kikagusa mkono. Wenzake wanamwita mtoto wa mpira, naye anafurahia kuwaonyesha. Kisha siku moja mnakula makande, unasikia "ka!" karibu na sikio lake. Anashika shavu na kuacha kula. Wewe unafikiri ni jino. Bibi yake anasema ni sikio. Wiki inayofuata jino linang'olewa, lakini maumivu yanabaki palepale.

Jambo kama hili linaweza kuipata familia yoyote, iwe Maretadu, Dongobesh, Haydom au Mbulu mjini. Watu wengi hawajui kwamba viungo vinavyopinda kupita kiasi na taya linalolia vinaweza kuwa na chanzo kimoja. Ukiujua uhusiano huo, unaweza kumwepusha mtoto na kung'olewa jino zima. Pia utajua ni lini utulie nyumbani na ni lini umkimbize hospitali.

Viungo vilegevu ni nini?

Mahali mifupa miwili inapokutana pana kiungo. Mifupa hiyo hushikwa pamoja na kano, yaani nyuzi imara zinazofunga mfupa kwa mfupa. Fikiria fito za ukuta wa nyumba zilizofungwa kwa kamba. Kamba ikikazwa vizuri, fito hazichezi. Kamba ikilegea kidogo, ukuta bado unasimama, ila fito zinacheza unapozisukuma. Mtoto mwenye viungo vilegevu ana kano zinazonyumbuka kuliko za wenzake, kwa hiyo viungo vyake huenda mbali zaidi ya kawaida.

Mara nyingi hali hii hurithiwa. Huenda wewe mwenyewe, baba yake au shangazi yake alikuwa hivyo utotoni. Haisababishwi na jinsi ulivyombeba mgongoni, chakula ulichokula ukiwa na mimba, wala kosa lolote la mama.

Tena, kuwa na viungo vilegevu peke yake si ugonjwa. Watoto wote wana viungo laini kuliko watu wazima, na wasichana kwa kawaida kuliko wavulana. Wengi hawapati shida yoyote, na wengine huwa wepesi sana kwenye ngoma na michezo. Shida huanza pale kiungo kinapocheza kupita kiasi mpaka kikauma au kikatoka mahali pake.

Unaweza kumpima mtoto nyumbani

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani kinaitwa kipimo cha Beighton. Kilitokana na utafiti uliofanywa hapa hapa Afrika. Mwaka 1973 daktari Peter Beighton na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kupima viungo vya wanakijiji Watswana wa Afrika Kusini, wakubwa kwa wadogo. Waliona kwamba ulegevu hupungua haraka mtoto anapokua, kisha hupungua polepole ukubwani.

Kipimo hakihitaji mashine. Mweke mtoto mahali tambarare, mwombe afanye mambo haya taratibu, bila kumlazimisha:

- Weka kiganja chake mezani, kisha inua kidole kidogo kuelekea nyuma. Kikisimama wima kabisa au kupita hapo, hesabu alama 1. Pima mikono yote miwili.
- Kunja kidole gumba kuelekea upande wa ndani wa mkono, chini ya kifundo. Kikigusa mkono, alama 1 kwa kila upande.
- Nyoosha mkono. Kiwiko kikipinda kwenda nyuma kupita mstari ulionyooka, alama 1 kwa kila upande.
- Asimame wima. Goti likipinda kwenda nyuma, alama 1 kwa kila mguu.
- Ainame bila kukunja magoti. Viganja vyote viwili vikilala sakafuni, alama 1.

Jumla ya juu kabisa ni alama 9. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, wataalamu wengi huhesabu kuwa ni mlegevu akipata 6 au zaidi. Kwa kijana aliyebalehe na mtu mzima wa chini ya miaka 50, ni 5 au zaidi. Andika jumla hiyo kwenye daftari lake la kliniki.

Utaona kwamba taya halimo katika kipimo hiki. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa magoti na viwiko, na hakuna anayekumbuka kumuuliza kuhusu taya.

Taya linahusikaje?

Weka ncha za vidole vyako mbele kidogo ya masikio, kisha fungua na ufunge kinywa polepole. Unachohisi kikicheza chini ya vidole ni kiungo cha taya. Kila mtu ana viwili, kulia na kushoto, na vyote viwili hufanya kazi kwa pamoja.

Kiungo hiki ni tofauti na goti. Unapoanza kufungua kinywa, kichwa cha mfupa wa taya huzunguka mahali pake. Ukiendelea kufungua, huteleza kwenda mbele. Kati ya mfupa na mfupa pana kisahani laini kinachozuia mifupa kusuguana. Mbele ya kiungo pana kijimwinuko cha mfupa ambacho ni kama mpaka. Kano na misuli ndivyo vinavyozuia taya lisiende mbali sana.

Sasa fikiria kano hizo zikiwa legevu. Mambo matatu yanaweza kutokea:

- Kisahani hutoka kidogo mahali pake, kisha hurudi kwa ghafla taya linapocheza. Hapo ndipo unaposikia "ka!"
- Kichwa cha taya hupita ule mwinuko mtoto anapopiga miayo, kisha hurudi chenyewe. Mtoto husema taya lilinasa kidogo, likaachia.
- Kichwa cha taya hupita mwinuko na kushindwa kurudi, kwa sababu misuli imekaza. Kinywa hubaki wazi. Huku ndiko kuteguka kwa taya.

Pia misuli ya mashavu huchoka, kwa sababu hufanya kazi ya kano. Ndiyo maana mtoto anaweza kulalamika kwamba kichwa kinauma pembeni, karibu na macho, au kwamba amechoka kutafuna kabla hajashiba.

Je, kila mwenye viungo vilegevu atapata shida ya taya? Hapana. Tafiti nyingi zimeona matatizo ya taya zaidi kwa watu wenye viungo vilegevu, lakini nyingine hazikuona tofauti kubwa. Ulegevu huongeza uwezekano. Mara nyingi kuna jambo jingine linaloongezeka juu yake, kama kusaga meno usingizini, kutafuna vitu vigumu, kupigwa kidevuni, au mawazo mengi yanayomfanya mtu abane meno mchana kutwa.

Jino, sikio au taya?

Maumivu ya taya hudanganya, kwa sababu kiungo kiko jirani kabisa na sikio, na maumivu ya misuli yake yanaweza kusikika hadi kwenye meno. Angalia tofauti hizi:

- Jino bovu huuma mahali pamoja. Mara nyingi huuma zaidi kwa maji baridi au chai ya moto, na unaweza kuona tundu au ufizi uliovimba.
- Sikio lenye maambukizi mara nyingi huja na homa, mafua au usaha, na mtoto huweza kusikia kwa shida.
- Taya huuma zaidi wakati wa kutafuna, kupiga miayo au kuimba. Ukibonyeza mbele ya sikio, mtoto anashtuka. Kinywa kinaweza kwenda upande mmoja kinapofunguka.

Katika mikoa ya Arusha na Manyara watoto wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na madini ya floraidi yaliyo mengi katika baadhi ya maji ya kunywa. Usidhani kwamba ndiyo inayosababisha maumivu ya taya, na usikubali jino ling'olewe kwa sababu ya rangi tu. Kabla ya kung'oa, muulize mhudumu swali moja: "Umeangalia na kiungo cha taya?"

Taya linalolia bila kuuma, na kinywa kinafunguka na kufunga vizuri, halihitaji dawa wala upasuaji. Halihitaji pia kuchanjwa wala kuchomwa shavuni. Majeraha hayo huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, na hayagusi kiungo chenyewe.

Taya likikwama wazi, fanya hivi

Hutokea ghafla. Mtoto amepiga miayo asubuhi, amecheka sana, ametapika, au amefungua kinywa muda mrefu kwa daktari wa meno. Katika uchunguzi wa wagonjwa 96 wa taya lililoteguka nchini Nigeria, uliochapishwa mwaka 2005, sababu kubwa kuliko zote ilikuwa kupiga miayo.

Utaona kinywa kimebaki wazi, kidevu kimesogea mbele, mate yanatoka, na maneno hayaeleweki. Mbele ya sikio panaweza kuonekana kishimo. Likitoka upande mmoja tu, kidevu huelekea upande wa pili.

- Mtulize. Mwambie kwamba litarudishwa. Hofu huongeza kukaza kwa misuli.
- Mketishe akiwa ameinama mbele kidogo ili mate yatoke nje. Mpe kitambaa safi.
- Shikilia kidevu kwa kiganja bila kukisukuma. Usifunge kitambaa kwa nguvu kuzunguka kichwa.
- Usimpe chakula wala kinywaji. Anaweza kupaliwa, na huenda hospitalini akahitaji dawa ya kumlegeza.
- Usimpige kofi wala kumgonga kidevu ili lirudi. Mfupa unaweza kuvunjika.
- Mpeleke siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho. Kadiri muda unavyopita, misuli huzidi kukaza na kazi ya kulirudisha huwa ngumu. Mkienda kwa pikipiki, mtoto akae katikati, mtu mzima nyuma yake.

Mhudumu aliyefundishwa hulirudisha kwa mikono: hukandamiza taya chini, kisha hulisukuma nyuma. Njia hii si ngeni. Matabibu wa Misri ya kale waliiandika zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Lakini ina namna yake, na asiyeijua huumia vidole au humuumiza mtoto. Kama zahanati yenu haina anayeweza, omba rufaa mapema. Kwa watu wa Maretadu, hospitali kubwa ya karibu ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955.

Kama mtoto alianguka au alipata ajali kabla ya taya kukwama, sema hivyo kwanza. Huenda mfupa umevunjika, na hapo taya halirudishwi kabla ya kupimwa.

Pia taja dawa zote alizotumia siku hizo. Baadhi ya dawa, kama metoklopramaidi inayotolewa kuzuia kutapika, huweza kukaza misuli ya uso na shingo mpaka taya likaenda upande. Hilo lina tiba yake, na si kuteguka.

Usichanganye na hatari hizi

Mambo yafuatayo hayatokani na viungo vilegevu. Ukiyaona, nenda hospitali mara moja:

- Kinywa hakifunguki, misuli inakaza, mtoto anashtuka kwa sauti au mguso. Hii inaweza kuwa pepopunda. Kwa mtoto mchanga, dalili ya kwanza mara nyingi ni kushindwa kunyonya ilhali mwanzoni alinyonya vizuri.
- Taya linavimba na kukua kwa siku au wiki chache, na meno yanalegea. Huenda ni saratani ya Burkitt, inayowapata zaidi watoto wa Afrika. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema.
- Shavu limevimba, ni la moto, na mtoto ana homa au anashindwa kumeza.
- Taya na viungo vingine vimevimba na ni vigumu kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Huu unaweza kuwa ugonjwa wa baridi yabisi wa watoto.

Kulinda taya kila siku

Kazi kubwa ya matunzo iko nyumbani. Lengo ni moja: taya lisifike mwisho wa safari yake.

- Miayo: mfundishe mtoto kuweka ngumi chini ya kidevu, au kubana ulimi juu ya kaakaa anapopiga miayo. Ulimi ukiwa juu, kinywa hakiwezi kufunguka kupita kiasi. Mfundishe kama mchezo mpaka azoee.
- Chakula: siku za maumivu mpe uji, ugali laini na maziwa, viazi vya kuponda, ndizi, maharage yaliyoiva sana. Makande yachemke mpaka yalainike. Nyama ikatwe vipande vidogo. Mahindi ya kuchoma apukuchuliwe badala ya kung'ata gunzi, na muwa umenywe kwa kisu na kukatwa vidogo.
- Meno si kifaa: asifungue soda kwa meno, asikate kamba, asitafune bigijii kutwa nzima.
- Mapumziko: midomo ifunge, meno ya juu na ya chini yaachane kidogo. Akikaa darasani asiwe na mazoea ya kushika tama, kwa sababu mkono husukuma taya upande mmoja.
- Maumivu: weka kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu shavuni kwa dakika 10 hadi 15. Parasetamoli inaweza kusaidia, kwa kipimo cha uzito wake kama alivyoelekeza mhudumu.
- Zoezi: mbele ya kioo, ulimi juu ya kaakaa, afungue na kufunga kinywa polepole mara 6, asubuhi na jioni. Kidevu kiende moja kwa moja chini, kisikwepe. Likiuma, aache.
- Onyesho: mzuie kuwaonyesha wenzake jinsi taya linavyolia au linavyotoka. Kila linapotoka, kano huzidi kulegea.

Usimkataze kucheza, kuimba kwaya au kusaidia kazi za nyumbani. Misuli yenye nguvu ndiyo inayofidia kano zilizolegea. Kama taya liliwahi kuteguka, baada ya kurudishwa ale chakula laini kwa wiki moja hadi mbili, na asifungue kinywa kupita upana wa vidole vyake viwili katika kipindi hicho.

Ukifika kwa mhudumu, sema mambo mawili pamoja

Wengi hueleza taya peke yake, au magoti peke yake. Wewe viunganishe. Unaweza kusema hivi: "Mtoto wangu ana viungo vinavyopinda sana, nimempima amepata alama 7. Taya lake linalia na limewahi kunasa mara mbili akipiga miayo." Maneno hayo machache humsaidia mhudumu kuliko dakika kumi za maelezo.

Sema pia kabla ya kung'oa jino lolote, na kabla ya upasuaji wowote wa usingizi, kwa sababu kinywa hufunguliwa sana. Daktari anaweza kushikilia taya, kumpa mapumziko ya kufunga kinywa, na kuwa tayari.

Mweleze zaidi kama mtoto ana ngozi inayovutika sana, makovu mapana yanayochelewa kupona, michubuko isiyo na sababu, au bega na goti vinavyoteguka mara kwa mara. Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa Ehlers-Danlos. Mtoto mrefu kuliko wenzake wote, mwenye vidole virefu sana na macho yasiyoona mbali, apimwe pia moyo, hasa kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Wachache ambao taya hurudia kuteguka licha ya matunzo hupewa rufaa kwa wataalamu wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, kama walioko Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wengi hawafiki huko.

Na wewe mama?

Kwa kuwa hali hii hurithiwa, jipime na wewe. Wakati wa ujauzito kano huzidi kulegea, na kutapika sana humfanya mtu afungue kinywa kwa nguvu. Kama taya lako lilikuwa linalia tangu usichana, mwambie mkunga kwenye kliniki ya wajawazito. Shikilia kidevu unapotapika, na utumie zoezi lile lile la ulimi.

Kumbuka

Taya linalolia bila maumivu, liache na ulilinde. Taya linalouma wakati wa kula, lipimwe kabla jino halijang'olewa. Taya lililokwama wazi, mpeleke mtoto leo. Na kinywa kisichofunguka, au taya linalovimba, usingoje hata usiku upite.